"Did You Cooked?": Kitenzi cha Kiingereza Kikikataa Kunyooka

Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza, yaani kile kinachochukua -ed, kina sura nne tu. Chukua "cook": utaandika "cook", "cooks", "cooked" na "cooking", basi, hakuna ya tano. Linganisha na "pika" yetu: napika, nilipika, sijapika, wangepika, tulipompikia, asipopikiwa. Ukianza kuzihesabu zote chungu kitaungua. Mtu aliyekulia ndani ya utajiri huo ungetarajia azimeze sura nne kama maji. Lakini utamkuta amemaliza kidato cha nne, amesoma masomo karibu yote kwa Kiingereza, na bado anaandika "Did you cooked?" na "My mother cook every day", huku akijiuliza kalamu nyekundu inamtakia nini.

Nimesahihisha madaftari na barua za kuomba kazi kiasi cha kutosha kuona kwamba makosa haya hayaanguki ovyo. Yana kwao. Ukilifuata kosa moja moja hadi lilikotoka, mara nyingi utafika kwenye kiambishi fulani cha Kiswahili: -me-, -na-, -ka-, -nge-. Mwandishi hakuwa mzembe. Alitafsiri kwa uaminifu kitu ambacho Kiingereza kimekiweka mahali pengine. Ndiyo maana sitapanga nyakati kwa foleni kama kitabu cha shule. Tutaanza na dalili, tutafute chanzo chake nyumbani, ndipo turekebishe.

Hiki hapa kipande cha barua, nimekitunga kwa kuunganisha makosa ninayokutana nayo mara kwa mara:

"I have completed my studies in 2021. I am wanting to work in your restaurant. Last year I have worked in a hotel, where I cooked, clean the kitchen and serve guests. I did not missed a single day. My supervisor trust me. When I will join your team, I will work hard. I look forward to hear from you."

Sentensi saba, makosa tisa, na hakuna hata moja linalotokana na kutojua maana ya neno. Yatafute kwanza mwenyewe. Tutairudia barua hii mwishoni.

Dalili: "Did you cooked?", "She doesn't cooks", "I wanted to cooked"

Hili ndilo kosa mama, nami huanza nalo kwa kila mwanafunzi.

Kiswahili huweka wakati tumboni mwa kitenzi: a-li-pika, a-ta-pika. Nafasi ni moja. Hakuna Mswahili anayejaribu kuingiza -li- na -ta- kwa pamoja. Ukithubutu utapata "alitapika", na hilo ni jambo jingine, la kuitiwa ndoo na maji. Kiingereza nacho kina nafasi moja ya wakati, ila nafasi yenyewe inahamahama. Kitenzi kikiwa peke yake, alama inakaa mkiani: "she cooks", "she cooked". Kikiingia kitenzi kisaidizi, alama inahamia kwake na kitenzi kikuu kinabaki kitupu. "Did" ni "do" iliyokwisha kuvaa wakati uliopita. "Does" ni "do" iliyokwisha kuvaa -s. Nguo zimeshavaliwa, aliye nyuma hana cha kuvaa.

Kwa nini basi tunateleza? Kwa sababu Kiswahili kinaruhusu msururu ambao kila kitenzi kinavaa chake: "alikuwa anapika", "walikuwa wamefika". Vitenzi viwili, kila kimoja na nafsi yake, kila kimoja na alama yake. Masikio yaliyozoea hivyo hayaoni ubaya wowote katika "did" ikifuatwa na "cooked".

Dawa nayo iko kwetu, katika ukanushi. "Nilipika" ukiikana unapata "sikupika". Tazama -li- ilivyotoweka: imeingia -ku-, na "pika" imebaki mtupu. Hiyo -ku- ndiyo "did not" ya Kiingereza, karibu sawasawa. Kuandika "I did not cooked" ni kama kusema "sikulipika" hali hakuna boga wala andazi linalozungumzwa. Msikilizaji atauliza: hukulipika nini?

Kipimo: zungushia duara kila "do, does, did, can, could, will, would, must, should, may" na kila "to" iliyotangulia kitenzi. Kitenzi kinachofuata kiwe kitupu. Angalia usidanganywe na umbali. Katika "Did your brother and his friends really cooked all this?" kati ya "did" na kitenzi kuna umati wa watu, na hapo ndipo hata wazoefu huanguka, maana wakifika kwenye kitenzi wameshasahau kwamba alama ilitumika mlangoni.

Visaidizi viwili havifuati hiyo. "Have" inadai -ed nyuma yake: "have cooked". "Be" kwa sura zake zote, yaani "am, is, are, was, were", inadai -ing kama mtu anafanya, "was cooking", na -ed kama kitu kinafanywa, "was cooked", yaani kilipikwa. Mkia huo hauonyeshi wakati. Wakati umebebwa na "have" au "was" yenyewe.

Kuhusu "to", hapo huna udhuru. "Nilitaka kupika": nani amewahi kusema "nilitaka kulipika" akimaanisha jana? Ku- ya Kiswahili haibebi wakati, na "to" haibebi wakati. Ni "I wanted to cook".

Dalili: "My mother cook", au kinyume chake, "The boys plays"

Katika "mama anapika", nafsi imeshikwa na a-, nayo iko mbele. Tukihamia Kiingereza, "she" inafanana na hiyo a-: imeshasema ni nani, kazi imekwisha. Ile -s ya mwisho inaonekana kama pambo, na pambo husahaulika.

Kusema kweli ni mabaki tu. Kiingereza cha zamani kilikuwa na viishio vingi vya nafsi. Biblia ya King James ya mwaka 1611 bado inatumia -est kwa "thou" na -eth kwa "he". Karibu vyote vimekufa, imebaki -s ya nafsi ya tatu umoja, wakati uliopo. Usiitafutie mantiki. Iandike.

Kosa la pili, "the boys plays", chanzo chake ni kingine. Tulifundishwa mapema kwamba -s ni wingi: "boy, boys". Basi watu wakiwa wengi, mkono unaongeza -s hadi kwenye kitenzi, kama tunavyopatanisha "wavulana wanacheza", wa- kwa wa-. Kwenye vitenzi mambo yamegeuzwa: -s ni ya mmoja. Kwa hiyo -s inakuwa ama kwenye nomino ama kwenye kitenzi: "the boy plays", "the boys play". Mbinu hii ina mipaka yake. "Bus" ina -s yake ya kuzaliwa, kwa hiyo "the bus stops". "People" na "children" ni wingi usio na -s, na bado ni "people play".

Kuna mahali Kiswahili kinakusaidia, na kuna mahali kinakuuza. "Kila mtu anataka" ni umoja kwetu, na "everyone wants" ni umoja kwao: salama. Lakini "habari zinasema" ni wingi kwetu, ilhali "the news" kwao ni kitu kimoja licha ya -s yake. Ukiandika "the news say", ujue ngeli ya habari imekuponza.

Dalili: "The baby has slept", "I have completed in 2021", "I am living here since 2015"

Hapa tukae kidogo, kwa sababu -me- ni kiambishi kimoja chenye kazi nyingi, na Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa watu tofauti.

Kazi ya kwanza ni kuonyesha hali. "Mtoto amelala" maana yake ni kwamba ukichungulia chumbani sasa hivi utamkuta na usingizi wake. Ukiandika "the baby has slept", Mwingereza ataelewa kwamba mtoto alishapata usingizi wake, pengine sasa yuko macho anacheza. Ulichokusudia ni "the baby is sleeping" au "the baby is asleep". Vivyo hivyo "amesimama" ni "is standing", "amevaa koti" ni "is wearing a coat", "amechoka" ni "is tired", "amekasirika" ni "is angry". Wote hao kwa Kiingereza wanachukua "be" badala ya "have".

Utazitambuaje? Jaribu kuweka "bado" mbele. "Bado amelala", "bado amesimama", "bado amekasirika": zinakubali, na maana yake ni kwamba hali inaendelea. Sasa jaribu "bado amefika". Haisemeki. Ikikubali "bado", Kiingereza chake ni "is". Kipimo hiki ni cha sikio, na sikio lako la Kiswahili ni la kuaminika kuliko orodha yoyote ya vitenzi utakayokariri.

Kazi ya pili ndiyo ile inayofundishwa darasani: tendo limekwisha na matunda yake yapo. "Nimemaliza" ni "I have finished". "Wageni wamefika" ni "the guests have arrived". "Hawajafika" ni "they have not arrived yet", na "wameshafika" ni "they have already arrived". Hapa lugha mbili zinaenda bega kwa bega, ndiyo maana tunaamini kwamba -me- ni "have" siku zote.

Kumbe sivyo, na kazi ya tatu inatuumbua. Kiswahili cha kila siku kinakubali -me- pamoja na saa au tarehe: "Leo nimepika saa tano", "Nimehitimu mwaka 2021". Kiingereza hakikubali. "Have" na neno la wakati uliokwisha hawalali nyumba moja. Ukisema "yesterday", "last year", "in 2021", "two days ago", "at eleven o'clock", "have" inatoka na kitenzi kinavaa -ed peke yake: "I cooked at eleven", "I graduated in 2021". Na ndiyo, saa tano yetu ni "eleven" yao. Nimewahi kuona sentensi yenye kitenzi sahihi kabisa na saa iliyopotea kwa saa sita.

Kipimo: jiulize kama sentensi inajibu swali "lini?". Ikiwa inajibu, ondoa "have". Ikiwa inasema tu kwamba jambo limefanyika, iache.

Halafu kuna mtego unaokwenda upande wa pili. "Ninaishi Tanga tangu 2015" ni Kiswahili safi, -na- bila wasiwasi, kwa sababu bado unaishi. Mwanafunzi anaandika "I am living in Tanga since 2015". Kiingereza kinaangalia mwanzo ulioko nyuma na kinadai "have": "I have lived in Tanga since 2015", au "I have been living". Kwa hiyo "tangu" ikitokea pamoja na -na-, geuza iwe "have". Ukitaja muda badala ya mwanzo wake, ni "for": "for ten years", siyo "since ten years".

Dalili: "I am wanting", "I am liking", "Be quiet, the baby sleeps"

Chanzo ni -na-, ambayo inabeba mazoea na kinachoendelea kwa mkono mmoja. "Mama anapika" inaweza kuwa sasa hivi au kila siku.

Badilisha -na- kwa hu-. "Mama hupika kila siku" inakubali, basi ni "cooks". "Nyamaza, baba husali" haina maana kama baba yuko kwenye mswala sasa hivi, basi ni "is praying". Kuna kundi linalokwepa kipimo hiki: vitenzi vya moyoni na vya umiliki, kama "want, like, love, need, believe, own, belong". Hivyo kwa kawaida havitaki -ing hata kama unataka sasa hivi, tena kwa njaa: "I want", "I need".

Na hu- nayo ina ajali yake. Kuna watu huitafsiri kwa "use to": "I use to cook for my husband". Kiingereza hakina "use to" ya mazoea ya leo. Mazoea ya leo ni "I cook" au "I usually cook". "I used to cook for my husband" ipo, ila maana yake ni kwamba zamani ulikuwa unampikia na sasa umeacha. Mumeo akiisoma ataomba maelezo.

Dalili: hadithi inaanza na -ed kisha inapoteza mkia njiani

"He arrived home, open the door and call his wife." Mwalimu huandika pembeni "tense!" na kuendelea, mwanafunzi asijue kilichotokea, maana yeye anajua vizuri kwamba hadithi ni ya jana.

Kilichotokea ni -ka-. "Alifika nyumbani, akafungua mlango, akamwita mkewe." Tunataja -li- mara moja, na -ka- zote zinazofuata zinakula kwenye sahani ya mwenzao. Ni ufundi mzuri wa kusimulia, na Kiingereza hakina kitu kama hicho. Kila kitenzi lazima kije na chakula chake: "He arrived home, opened the door and called his wife."

Unaweza kuniuliza: si tumesema alama ni moja? Ndiyo, moja kwa kila msururu. "Did not open" ni msururu, mmoja anamtegemea mwingine. "Arrived, opened, called" ni watu watatu waliosimama mmoja mmoja. Kama una shaka, ingiza "he" mbele ya kitenzi. "He opened", "he called": inaingia, basi weka -ed. Katika "he wanted to open" huwezi kuchomeka "he" nyingine kati ya "to" na "open", basi kitenzi kibaki kitupu.

Dalili: "When you will arrive", "If I would finish early"

"Utakapofika, nipigie." Ndani ya "utakapofika" kuna -taka-, wakati ujao ulio wazi, na mwanafunzi anautafsiri bila kuficha: "When you will arrive, call me." Kiingereza hakitaki "will" baada ya "when", "before", "after", "until" na "as soon as" ya namna hii, wala baada ya "if" ya sharti. Kinasema "When you arrive". Fikiria "ukifika" badala ya "utakapofika", maana -ki- haina -ta- ndani yake, na mkono wako hautakuwa na cha kutafsiri kwa "will".

Kwenye -nge- ubaya ni pacha. "Ningemaliza mapema, ningekusaidia": Kiswahili kinaweka -nge- pande zote mbili, mizani sawa. Kwa hiyo tunaandika "If I would finish early, I would help you." Kiingereza kinataka "would" upande wa matokeo tu. Upande wa "if" kinaazima -ed: "If I finished early, I would help you." Hiyo -ed haisemi jana, inasema jambo ni la kufikirika. Na kama nafasi imeshapita, "ningelimaliza" yetu, ni "If I had finished early, I would have helped you."

Dalili: -ed haisikiki, kwa hiyo haiandikwi

Silabi ya Kiswahili inapenda kuishia na irabu. Ndiyo maana tulipokopa maneno tuliyapa mkia: benki, keki, soksi, shati. Tukikutana na "cooked", ama tunaiongezea irabu iwe "kukedi", ama tunameza konsonanti ya mwisho. Aliyejifunza kwa kusikiliza filamu ana shida zaidi, kwa sababu katika "I walked to town" ile t ya mkia inakutana na t ya "to" na sikio linapata moja tu. Anaandika alichosikia: "Yesterday I walk to town."

-ed inatamkwa kwa namna tatu. Weka vidole kooni utamke sauti ya mwisho ya kitenzi. Koo likiwa kimya, kama kwenye p, k, f, s, sh, ch, mkia ni t: "cooked" ni "kukt", "washed" ni "wosht". "Laughed" imo humuhumu, kwa kuwa gh yake inatamkwa f. Koo likitetemeka, mkia ni d: "cleaned", "called", "played". Kitenzi kikiishia kwa sauti ya t au d, hapo ndipo silabi inaongezeka: "wanted", "needed", "waited". Hakuna mahali pengine pa kuongeza silabi, isipokuwa vivumishi vichache vya ukaidi kama "naked" na "wicked".

Ulimi ukigoma, ufanyie mazoezi mkia ukiwa mbele ya irabu: "cooked it", "washed it", "cleaned it". Ile t inaruka inakaa na i ya "it", "kuk-tit", na ghafla mdomo wa Kiswahili una konsonanti yenye irabu nyuma yake, kitu unachokijua. Baada ya siku chache ondoa "it".

Dalili: "stoped", "visitted", "studyed"

Mengi hapa ni ya kukariri na hayachukui muda. Konsonanti ikitangulia y, y inageuka: "study, studies, studied", lakini "studying" inabaki na y yake. Irabu ikitangulia, y haiguswi: "play, plays, played". E ya mwisho haiandikwi mara mbili: "baked", na kabla ya -ing huondoka: "baking". "Die" na "lie" zinakuwa "dying" na "lying". "Panic" inaongeza k: "panicked". Vitenzi vinavyoishia na sauti za s, sh, ch, x huchukua -es: "washes", "watches", "fixes".

Penye utata ni kurudia konsonanti. Sheria inasema: irabu moja na konsonanti moja mwishoni, mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho, rudia. "Stop, stopped", "plan, planned". Ni rahisi kwa silabi moja. Kwa silabi mbili lazima ujue mkazo uko wapi, na hapo ndipo Kiswahili kinakupotosha bila wewe kujua, kwa kuwa mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Kwa "visit", "open" na "offer" mazoea hayo yanakupa jibu sahihi: mkazo uko mwanzoni, hakuna kurudia, "visited, opened, offered". Kwa "refer", "occur", "admit" na "prefer" yanakupa jibu baya, maana mkazo wa hivyo uko mwishoni: "referred, occurred, admitted, preferred". Ukitamka "ókur" utaandika "occured" kila siku. Rekebisha matamshi kwanza, tahajia itafuata. W, x na y hazirudiwi kamwe: "showed, fixed, played".

"Travelled" au "traveled"? Zote. Ya kwanza ni ya Uingereza, ambako l hurudiwa hata mkazo ukiwa mwanzoni, na ndiyo ya shule zetu. Ya pili ni ya Marekani, kwenye njia ya tahajia fupi ambayo Noah Webster aliipigia debe hadi kwenye kamusi yake ya 1828. Chagua moja usiichanganye na nyingine ndani ya barua moja.

Dalili: umefuata kila kitu na bado ni kosa

"I buyed", "she teached". Kitenzi si cha kawaida, na mwongozo huu haukihusu. Bahati mbaya ni kwamba vinavyotumika zaidi ya vyote, "be, have, do, say, go, get, make, take, come, see", ni vikaidi vyote. Hivyo havina hila, fungua kamusi. Bahati nzuri ni kwamba vitenzi vinavyozaliwa sasa huwa vya kawaida, "texted, googled, emailed", na baadhi ya vikaidi vya zamani vimekwisha kutubu. Ile Biblia ya 1611, katika Luka 1:54, ina "holpen" pale ambapo leo tunaandika "helped".

Turudi kwenye barua

"I completed my studies in 2021", kwa sababu inajibu "lini?". "Last year I worked in a hotel", kwa sababu hiyo hiyo. "Where I cooked, cleaned the kitchen and served guests": -ka- mbili zimepewa chakula chao. "I did not miss a single day." "My supervisor trusted me" kama kazi imekwisha, "trusts" kama bado mnafanya naye kazi. "When I join your team, I will work hard."

"I look forward to hearing from you" ndiyo inayoleta ubishi, kwa sababu tumesema baada ya "to" kitenzi kiwe kitupu. Hii "to" ni kihusishi, ndugu ya "for" na "before", na baada ya kihusishi Kiingereza kinaweka -ing pale ambapo sisi tunaweka ku-: "kabla ya kupika" ni "before cooking", "asante kwa kunisaidia" ni "thank you for helping me". Ukiwa na shaka, weka nomino nyuma yake: "I look forward to your reply" inakubali, basi na kitenzi kivae -ing.

Imebaki "I am wanting to work in your restaurant". Kwa sarufi ni "I want to work", nayo haina kosa, ila kwa mwajiri usiyemjua inasikika kama mtoto anayedai peremende. Kwa Kiswahili usingemwandikia "nataka". Ungeandika "ningependa kufanya kazi kwenye mgahawa wako". Safari hii tafsiri hiyo -nge- kama ilivyo, haitakuponza: "I would like to work in your restaurant."